Maji Mafu

Tima katuletea karatasi kumi na moja
za penseli, ya mwisho ina doa la chai.
Juu ya kila mstari kaandika tarakimu
kabla hazijawa noti:
jedwali la maji la Kilindini, wiki moja ya Novemba,
mita mbili nukta nne, mita moja nukta tatu,
mbili nukta tatu, moja nukta nne.

Wengi wakiiandika bahari huandika mawimbi.
Yeye hakuandika hata moja.
"Siku ile," alisema, "yalikuwa maji mafu.
Hayajai yakajaa, hayapwi yakapwa.
Bahari ilisimama kama mtu aliyeingia chumbani
akasahau alichokifuata."

Tukafanya mazoezi darasani, Ganjoni,
pangaboi tumelizima, lilikuwa na sauti yake.
Mbeyu na selo la kuazima,
Nyevu fidla ya pili,
Murtaza, daktari wa meno, fidla ya kwanza,
na mimi na viola yangu, mchana karani wa forodha.
Joto likalegeza nyuzi. Tukakaza, zikalegea,
tukakaza.
"Ziacheni," Tima akasema. "Zishuke zenyewe."

Ukurasa wa saba una kimya cha mipigo kumi na minne.
Murtaza akauliza tufanye nini humo.
"Hesabuni. Hata sisi pale gatini tulihesabu."
Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwapo,
mtoto wa miaka tisa, mkononi sufuria ya baba,
wali ungali moto,
na watu wazima wakiutazama ufa wa maji
baina ya tagi na ukuta
usiopita upana wa meza.

Shebwana, fundi wa mitambo.
Jioni akipanda ngazi za nyumba yao, Majengo,
alipiga mluzi wa noti tano
ili mlango ufunguliwe kabla hajabisha.
Noti hizo tano ndizo mwisho wa kazi nzima.
Wenzangu wananyamaza, napiga peke yangu.

Usiku wenyewe walikuja watu thelathini na mmoja
na mtoto mmoja aliyelala mapema.
Nilipiga zile tano, safi, kama zilivyoandikwa.
Makofi.
Bi Mwanashee, mstari wa mbele, hakupiga.
Akangoja wageni watoke, akatujia polepole,
asumini kwenye buibui, goti likimsumbua.

"Umemkosea," akamwambia bintiye.
"Ya mwisho ilikuwa chini.
Hakuwa na jino hapa," akaugusa mdomo wake mwenyewe,
"pumzi ikimponyoka."

Murtaza akatazama viatu vyake.
Tima akatoa penseli sikioni,
akachora mshale mdogo unaoshuka.
"Robo?" nikamuuliza.
Mamake hakujua robo ni kitu gani.
Yeye aliyemkataza mwanawe mluzi miaka yote,
usiite nyoka ndani, mwanangu,
akakaza midomo, na umri wake ule,
akapiga:
moja, mbili, tatu, nne,

na ya tano ikashuka chini ya mshale,
chini ya uzi wangu uliolegea,
mahali ambapo penseli haina alama yake.

Mlinzi, aliyekuwa nje na tochi yake,
akasikia akidhani anaitwa,
akaja akafungua mlango.