Kinu cha Baya

Kampuni ilianza Jumapili,
kwa kuwa Jumapili kinu cha Baya Mwaringa kililala.
Siku sita nyingine kilisaga mahindi ya Barani nzima
na sisi, upande wa pili wa ukuta,
tulingoja, kamera begani, unga kwenye nyusi,
mwigizaji kakishika kilio chake kooni
kama mtu aliyeteka maji kwa viganja.

Somoe Famau aliuza mikufu miwili ya mamake,
mmoja kwa idhini.
Nyevu alikuja na kinasa sauti cha kurekodia harusi.
Mimi nilikuja na daftari,
maana nilijua kujumlisha na kutoa.
Kutoa, hasa.

Ukurasa wa kwanza ninao bado:
Betri. Chapati ishirini na nne. Kukodi joho la kadhi.
Kumlipa jirani azime redio.
Kumlipa tena.

Vipindi sita vya mwanzo vilikuwa vya mirathi:
nyumba moja pale Shela, ndugu saba, funguo saba.
Nairobi, bwana mmoja wa stesheni
alituambia huku akitazama simu yake
kwamba Kiswahili chetu kina chumvi mno.
Somoe akasema, ndiyo maana hakiozi.
Tukarudi Malindi na kanda zetu kwenye mfuko wa sukari.

Mwaka wa tatu wakanunua. Bei ya kuona haya,
lakini niliijumlisha.
Tukapata taa zisizounguza mikono,
fundi wa mavazi, mikataba yenye muhuri,
mlinzi, choo cha pili.
Watu kumi na wanne kwenye safu ya mishahara,
na mimi nikapewa kiti kinachozunguka
na cheo kirefu kuliko kazi yenyewe.

Ndipo wakatokea Waingereza wawili, jua limewachuna pua.
Kampuni yao nayo, walisema, ilianzia London
juu ya duka la samaki wa kukaanga.
Niliwaamini, kwa sababu yule mwanamke
alipoitaja harufu ile alifumba macho.
Sasa wana ghorofa tano,
na ya tano haijui ya kwanza inapika nini.

Walitaka hamsini na moja kwa mia.
Ni moja tu, walisema, moja tu juu ya nusu.
Nilikesha na hiyo moja, penseli mkononi.
Haikugawanyika kwa chochote.
Somoe akawapa arobaini, na biriani.
Biriani waliimaliza palepale.
Arobaini waliitafuna miezi minne, ndipo wakameza.

Leo studio yetu ina kuta zilizovishwa sponji
na mlango mzito kama wa benki.
Ukikohoa humo, kikohozi hakikurudii.

Mwezi uliopita tulikuwa na hadithi ya mjane mwenye mashine ya kusaga,
na Nyevu akataka mlio wake.
Baya alishaiuza injini kwa kilo, chuma chakavu.
Pale pake sasa wanaosha magari.
London wakatutumia milio kumi na miwili.
Yote ilisaga,
hakuna uliosaga mahindi.

Nikakumbuka sanduku chini ya meza yangu.
Kanda mia moja na tatu za mwaka wa kwanza,
kila moja na mwandiko wangu mgongoni:
Mbovu, kinu.
Mbovu, kinu.
Mbovu, kinu.

Tuliketi sakafuni tukasikiliza.
Injini inakohoa, mkanda unapiga kofi, unashika,
na chini yake, mbali, sauti zetu za wakati ule:
bado, bado, hebu subirini kidogo.
Nyevu hakusema kitu. Aliongeza sauti.

Nami nikalifungua daftari la zamani
mahali nilipoziandika kanda zile, hasara,
nikalikata neno hilo kwa mstari mmoja
na kukaa na kalamu yangu,
sijui badala yake niandike nini.