Makapi ya Tende

Tende zilipanda Kitonga juu ya lori,
zimegandamana bonge moja,
boksi limelowa pembeni kwa utamu wake lenyewe.
Zilipofika Mwanjelwa baridi ya Julai ikazishika,
zikawa ngumu kama sabuni ya mche.
Muuzaji alizikata kwa kisu cha nyama.
"Mfungo ulishapita," akasema,
"chukua, nakupunguzia."

Natengeneza shira.
Nachemsha, naponda, nakamua kwa kitambaa
mpaka viganja viwe vyekundu.
Shira inakwenda kwa Anyelwisye, mgahawa wa Kabwe,
anaimwagia juu ya chapati.
Kinachobaki kitambaani,
kahawia, kikavu, kama udongo wa kichuguu,
nilikuwa namtupia nguruwe wa jirani.
Miaka miwili
nguruwe yule alikula vizuri kuliko sisi.

Mpaka Mama alipokaa chooni asubuhi nzima.
Hakusema. Nani husema?
Alitoka ameshika ukuta, akaomba maji ya moto,
akausingizia ukungu wa Loleza.
Sembe nyeupe, mkate mweupe, wali mweupe:
tumbo lake lilikuwa na kila kitu
isipokuwa ufagio.

Neno hilo, ufagio, ni la Subilaga,
mdogo wangu anayepima vyakula kule Uyole.
Nilimpa tende gramu mia, bila kokwa.
Jumamosi akaja na majibu
nyuma ya risiti ya mbolea:

*maji, sehemu moja ya tano;*
*sukari, theluthi mbili na zaidi, Mama asishangilie;*
*protini, gramu mbili;*
*mafuta, hata kikaango hakilowi;*
*potasi ya kutosha, moyo na misuli vinaipenda;*
*magnesi; chuma kidogo, usiringe nacho;*
*nyuzinyuzi, gramu nane.*

Nikaisoma ile nane mara mbili.
Vijiko viwili vya chai, vya sukari, ndio uzito wake.
"Na ukikamua," akasema,
"sukari inaondoka na maji.
Nyuzi nyingi hazijui kuyeyuka.
Zinakusubiri nyuma ya kitambaa."

Nyuma ya kitambaa.
Nikatazama uzio. Nguruwe akanitazama.

Sasa makapi nayaanika juu ya bati,
siku mbili jua likikubali, nne likinuna,
nayatwanga, nayachekecha,
nachanganya kwenye unga wa ngano:
kijiko kwa kikombe, basi.
Nilipozidisha, mkate ulikataa kuumuka,
tukala tofali la tende wiki nzima.
Na maji uongeze, maana unga ule unakunywa
kama ng'ombe wa Usangu mwezi wa kumi.
Lakini siku ya tatu kata kipande,
bado laini, hakipukutiki.

"Umeunguza?" Mama akauliza.
"Ndiyo rangi yake."
Akala, akinitazama kwa jicho moja.
Nikamsogezea maji, kikombe kwa kikombe,
kwa sababu ufagio mkavu, Subilaga anasema,
unakwaruza tu.

Siku ya nne
aliingia, akatoka, chai haijapoa.
Hakusema. Nani husema?
Alivuta kigoda karibu na jiko,
akauliza kama ule mkate mweusi umebaki.

Jirani yetu Ambakisye amenuna.
Kila saa kumi jioni nguruwe wake
anasimama uzioni, ananusa upepo.
Mikono yangu ina harufu ya tende,
naificha mfukoni
ninapopita.