Dirisha la Midomo

Olomouc, mwisho wa Machi

Lastiki zimekwisha mjini.
Dukani kwa Hedvika limebaki kadibodi tupu
na karatasi ya kalamu nene: *Msiulize.*
Basi nimefungua kabati la marehemu,
nikaitoa pajama yake ya mistari ya samawati,
ile aliyokwenda nayo hospitali,
ile niliyoapa sitaigusa kwa mkasi.
Nikaigusa.

Miaka thelathini na mmoja nimeshonea jukwaa:
malkia waliokufa kila Jumamosi, saa nne kasoro robo,
na Jumapili wakarudi kudai kiuno kipunguzwe.
Sasa ukumbi una kufuli. Mkurugenzi kanipigia:
"Vlasta, mahameli ipo tele, chukua."
Mahameli haipumui, bwana.
Niletee mashati ya wanakijiji wa onyesho la pili,
pamba nzito, iliyofuliwa hadi ikasahau rangi.
Naiinua dirishani: nikiona mnara wa kanisa kupitia kitambaa,
hicho ni cha kufutia vyombo.

Tabaka mbili, na mfuko katikati.
Mikunjo mitatu itazame chini,
isidake vumbi kama mfereji wa paa.
Kamba nne za kufunga kisogoni,
na juu ya pua, kijiwaya
nilichokichomoa kwenye pakiti za kahawa.
(Wiki hii nimekunywa kahawa kuliko mwaka mzima.
Moyo unadunda kama cherehani.)

Jioni nachemsha.
Maji ya moto hayachomi nyumba,
ila hiki kilichotuingilia nyumbani, naambiwa, hukichoma.
Sufuria ni ile ya madonge ya unga ya Jumapili.
Dakika tano zinatokota, zinaelea, zinapinduka,
nami nazisukuma chini kwa mwiko.
Radim anauliza kwenye simu: mama, umekula?
Nile nini, mwanangu?
Sufuria imejaa nyuso za watu.

Halafu kamba ya bafuni, halafu pasi ya moto,
halafu mfuko wa karatasi, jina juu yake.
Zilizovaliwa zina ndoo yake, yenye kifuniko.
Namgombeza kila mtu ngazini:
shika kamba, usishike uso wake;
kidevu hakiumwi, mbona unakivika?

Ila Bwana Zbyněk wa ghorofa ya tatu
husikia kwa macho, tangu homa ya utotoni.
Jumatatu nilimsalimu kwenye ngazi,
akanitazama kama anayetazama mlango uliofungwa.
Akagusa midomo yake. Nami, mpumbavu,
nikapaza sauti.
Mkono ukapanda wenyewe kuishusha barakoa kidevuni,
mimi, mgombezaji mkuu wa jengo zima.
Nikakumbuka ana pafu moja.
Mkono ukarudi mfukoni.

Usiku huo nilikata jalada la plastiki
la daftari la Radim la jiografia, darasa la sita,
nikalishonea katikati ya pamba: dirisha.
La kwanza lilishika ukungu kama kioo cha bafu.
La pili nililisugua sabuni kavu, nikalifuta, likatii.
La kwanza hilo, kwa uzembe, nililitia sufuriani;
lilijikunja kama jani la Oktoba.
Sasa najua: hii ni ya mkono, maji ya uvuguvugu,
na uvumilivu ambao sina.

Alhamisi nikabonyeza kengele yake, ile inayowasha taa.
Nikarudi nyuma hatua nne.
Nilikuwa nimeandaa maneno. Yakanitoka mengine:
"Gari la taka linakuja kesho, si leo."
Akasoma. Akacheka.
Naye alikuwa amevaa ile niliyomtundikia mlangoni Jumanne,
ya mistari ya samawati.
Ikavimba, ikanywea.
Ikavimba.

Nilisimama pale nikihesabu,
kama nilivyohesabu kando ya kile kitanda,
ila safari hii hesabu haikukatika,
mpaka taa ya ngazi ikazimika yenyewe.

Asubuhi nimeikuta kwenye kitasa changu,
ndani ya mfuko wa karatasi, imekunjwa vizuri,
jina juu yake,
tayari kwa sufuria.