Moto Chini ya Kanisa

Ulianzia jalalani, Mei, nyuma ya makaburi.
Ukapenya ufa, ukakuta mshipa wa makaa ya mawe,
na tangu siku ile unakula chini kwa chini,
bila kelele, kama mgeni mwenye adabu mezani.

Theluji ya Pennsylvania haikai juu ya kaburi la baba.
Ikitua inakuwa maji, maji yanakuwa mvuke.
Bi. Wargo hupanda nyanya ukutani mwa kanisa,
na Novemba zinaiva.

Mchungaji Probert hakuhitaji mfano mwingine.
Jumapili aligonga sakafu kwa kisigino, mara tatu,
tukasikia uwazi chini ukiitikia.
"Milele," akasema, "ndiyo hii.
Maji ya serikali yameshindwa, mchanga umeshindwa,
wahandisi wamekunja ramani zao, wamekwenda.
Na ule mwingine mtauzima kwa nini? Kwa machozi?"

Emrys Tolliver, mkusanya sadaka,
nusu ya mapafu yake ameiacha mgodini,
akasimama. Hakuna aliyewahi kusimama kabla ya Amina.
Alikohoa kwanza. Tukamngoja.
"Nimechimba miaka thelathini na mmoja, mchungaji.
Moto hauli mlima. Unakula makaa.
Yakiisha makaa, mlima unabaki."
Kisha, taratibu, kama anayedai deni dogo:
"Nawe unaitwa mchungaji. Jioni ukihesabu
ukapata tisini na tisa, huwa unalala?"

Kama angekaa hapo, labda angetushinda sote.
Lakini Odessa Haskew naye aliinuka, kavaa glavu zake nyeusi.
"Shimo namba sita," alisema.
"Bwana Crandall aliliziba ili kuokoa mgodi,
na wanaume kumi na mmoja wakiwa ndani, wakigonga mabomba.
Niliwasikia hadi Alhamisi.
Yule alifia kitandani, shuka safi, daktari pembeni.
Niambie, Emrys: nitamkuta mlangoni kavaa nyeupe?
Atanikaribisha yeye?"

Emrys akashika kiti cha mbele yake.
"Wewe unataka nini, Odessa?"
"Nataka aungue mpaka ataje majina yao. Yote kumi na moja."
"Na akishayataja?"

Hakujibu.
Mimi ndiye niliyekuwa napiga kengele; nilisahau kuipiga.

Baada ya hapo tulimegeka, si kwa kisu,
kama mkate mkavu, kwa makombo.
Wengine walihamia kwa Wamethodisti, ng'ambo ya reli.
Emrys alizikwa Machi, na Probert ndiye aliyemzika,
akasoma vizuri, sauti ikamkwama mara moja,
hakuna aliyemuuliza anamwona wapi.
Bi. Wargo, ambaye Dewey wake aliruka darajani akiwa mlevi
na deni la watu mfukoni, hakuwahi kuchangia neno.
Aliacha nyanya mlangoni kwa kila mmoja wetu,
wa upande huu na wa upande ule,
na mimi nilizila zikiwa na joto la ardhi,
nikiona haya jinsi zilivyokuwa tamu.

Kisha serikali ikanunua nyumba zetu, ikazibomoa.

Nilirudi Januari hii. Mnara bado umesimama.
Kati ya kuzimu na kuzima kuna herufi moja tu,
na hapo katikati tuliishi mji mzima.
Juu ya kaburi la baba theluji ilikuwa imekaa,
nene, haina hata unyayo wa ndege.
Nilivua glavu nikagusa: baridi.
Hatua tano mbele ardhi ilikuwa bado inafuka.

Odessa alikuwepo, na fimbo, tisini kasoro mwaka,
akitazama upande wa shimo namba sita.
Hatukusalimiana. Tulisimama tu.
Miguu yangu iliponifia ganzi, ndipo aliposema,
kana kwamba Emrys kamuuliza sasa hivi:
"Akishayataja yote kumi na moja..."

Akapangusa theluji kwenye jiwe, kwa kiwiko.

"Sijui," alisema. "Sijui."