Kijiti cha Tundu la Kumi na Moja

Kiwandani Dongguan nilibandika soli miaka sita.
Gundi haina maswali: unapaka, unakandamiza,
kiatu kinakwenda zake.
Sasa nimerudi Sanjiang, kwenye milima ya ukungu,
na fundi Yang Tongli, niliyemzidi miaka minane,
ananiambia: hapa gundi hakuna. Msumari nao usahau.

Mwezi mzima nilinoa tu.
Jiwe, maji, patasi. Jiwe, maji, patasi.
Nilipouliza lini nitakata mti
akanionyesha kovu kwenye kidole gumba chake:
patasi butu, akasema, hukata kisichotakiwa.

Kisha akanipa wino.
Mstari una upana, akasema, wewe unauona mwembamba kwa haraka zako.
Kata nusu yake. Nusu ibaki kwenye mti,
nusu iende na vumbi.
Nilikodoa macho hadi machozi yakaniloweshea kazi.

Daraja letu ni la magogo ya msonobari,
mviringo, kila moja na unene wake, kila moja na kiburi chake,
na hakuna tundu lililo pacha wa jingine.
Kwa hiyo tunachonga vijiti vya mwanzi.
Unakitia kijiti tunduni,
unasikiliza kwa ncha ya kidole,
unakwaruza alama: hapa linaanza, hapa linaishia,
hapa limekwenda upande kidogo, kuelekea mtoni.
Halafu unakibeba hadi ng'ambo ya uwanja
kwa boriti isiyowahi kuliona tundu hilo,
nayo ichongwe ulimi kwa habari za kuambiwa.

Kijiti ndiye mshenga.
Mshenga akikosea, harusi bado itapigwa vigelegele;
aibu huja baadaye, chumbani.

Juu ya kila kijiti kuna herufi za marehemu baba yake Tongli,
alizozibuni mwenyewe, hazimo katika kitabu chochote.
Kumi na moja ni unyayo wa kuku.
Kumi na tatu ni unyayo wa kuku pia,
umeongezwa ukucha.

Sikuuona ukucha.

Nilichonga siku mbili. Nilipiga randa mpaka mbao ikang'aa
kama shavu la mtoto aliyetoka kuogeshwa.
Tukaiinua, tukailenga,
na ulimi ukaingia bila hata kubisha hodi.
Hakuna kilichokwaruza. Hakuna kilicholia.
Sijawahi kusikia ukimya wenye kelele kiasi kile.
Tongli akachomeka kidole kwenye mwanya,
kidole kikaenda, kikarudi.
Nikasema: tunaweza kujaza kitu?
Akaniangalia, akacheka mpaka akakaa chini kwenye maranda,
akacheka na fundi wa pili, akacheka na mpishi.
Mimi nilikuwa nimeuliza kwa dhati.

Boriti ya pili niliichonga polepole, kwa woga wa mtu aliyekwishachekwa.
Kila jioni nilikirudisha kijiti tunduni,
nikamuuliza mshenga upya: una hakika?
Mara tatu akabadili maneno. Hapana,
mara tatu nilikuwa nimemsikia vibaya.

Siku ya kusimamisha nilikuwa chini, nimeshika kamba.
Nyundo ya mti ikapiga: ko. Ko. Ko.
Kisha ko ikakonda,
ikapanda,
ikawa ki,
na Tongli akaacha kupiga.
Hakusema lolote. Alipitisha kiganja kwenye kiungo
kama anayetafuta mlango uliozibwa,
akaomba boriti inayofuata.

Vijiti vyote tulivitia motoni tukachemshia chai ya mafuta.
Ile boriti ya kwanza tuliikata, ikawa benchi,
ipo ukumbini kwetu, ulimi wake mwembamba bado umetoka nje.
Mama huikalia akipukuchua mahindi
na kila siku analalamika kwamba inamchoma paja.
Namwambia: sogea kidogo.
Anasogea.