Kufuli la Tatu

Sanduku la chama chetu lina makufuli matatu
na funguo tatu kwa wanawake watatu,
maana tunapendana, lakini hesabu ni hesabu.
Mmoja ninao mimi. Wa pili anao Vihenda.
Wa tatu ni wa Kageha, na usiku ule
Kageha alikuwa matangani Serem,
ufunguo kaufunga kwenye pindo la leso.

Minayo alianza mapema, miezi minane haijatimia.
Hatukuwa tumeambiwa. Mimba huku haitangazwi,
hufunikwa sweta mpaka ijitangaze yenyewe.
Mama mkwe akachemsha majani.
Shemeji akasema, "Tungoje mwenyewe apige simu,"
na mwenyewe yuko Naivasha kwenye maua,
simu imezimwa tangu saa mbili.
Jirani akasema mimba ya kwanza huchelewa.
Mwingine: mbona sisi tulizalia jikoni?
Kila mtu alikuwa na neno.
Damu haikuwa na neno,
ilishuka tu, ikaulowesha mkeka.

Chahilu wa pikipiki alitaka mia nane hadi Mbale,
usiku, mvua, na ule mteremko.
Simlaumu. Mafuta hayanunuliwi kwa pole.
Na pesa zilikuwepo! Elfu kumi na moja
mia nne na hamsini,
nilizihesabu mwenyewe Alhamisi,
zimelala chini ya kitanda changu,
salama kabisa.

Nikafungua langu.
Vihenda akaja na matope hadi magotini, akafungua lake.
Tukabaki tunalitazama la tatu
kama watu wanaotazama mlango wa chifu.
Kanuni ya saba niliiandika kwa mkono huu:
*Sanduku halifunguliwi ila wote watatu wawepo.*
Nikatoka nje nikaokota jiwe.
Maragoli hatujawahi kukosa jiwe.

Mapigo manne yalikuwa ya kufuli.
La tano sijui lilikuwa la nani.

Minayo alirudi baada ya siku kumi na tisa,
kifuani kitu kidogo, ngozi kwa ngozi,
kinapumua kama kinaomba radhi.
Alhamisi ile ile chama kikanitoza faini,
shilingi mia mbili. Nikalipa.
Kanuni ni kanuni.
Ni Kageha aliyesimama, leso mkononi,
akaweka mezani kopo tupu la mafuta ya kupikia
lisilo na kifuniko, sembuse kufuli.
"Hili," akasema, "ni la Chahilu."
Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi.

Wiki iliyopita mkaza mwana wa Vihenda,
aliyeolewa juzi tu, mwenye haya,
alipita karibu na meza
akadondosha sarafu ya kumi.
Hakusema kitu.
Bati lilisema.
Nasi hatukuuliza,
tuliendelea kusoma kumbukumbu za mkutano,
huku kila mmoja, chini ya meza,
anahesabu miezi kwa vidole.