Orodha ya Minza

Minza kaandika nyuma ya boksi la majani ya chai,
kiatu kimoja mguuni, zamu ya Bugando ikimwita:
sato wawili (utazame mashavu!), nyanya, vitunguu,
unga wa udaga kilo mbili, mafuta ya kupima,
chumvi,
na chini kabisa, amepiga mistari miwili:
USIWANUNULIE SODA.

Tukashuka kutoka Bugarika, ngazi za mawe, jiwe juu ya jiwe,
Luhende mbele, kikapu kichwani kama kofia,
Holo mgongoni kwangu,
miaka miwili na nusu, kilo kumi na tatu;
kiuno changu hakihitaji mizani ya kliniki.

Mwaloni, harufu ya dagaa hukupokea kabla ya watu.
Korongo walikuwa juu ya bati
kama wakaguzi wasiolipwa mshahara,
na Holo, aliyekuwa akiimba njia nzima,
akaificha pua shingoni mwangu.
"Watatula?"
"Hawali watoto wenye kandambili," akajibu Luhende,
na tangu hapo vidole vya Holo viliibana ile kandambili
kama hati ya kiwanja.

"Mwangaluka, baba Luhende! Leo umetumwa?"
Mama Nkwimba ananijua.
Nikamfunua sato shavu kama nilivyofundishwa,
nikatafuta wekundu, nikakunja uso wa mtaalamu,
Luhende akauliza, soko zima likasikia:
"Mbona amekufa na hafumbi macho?"

Mama Nkwimba akashusha kisu.
Miaka kumi na tisa anaparua magamba,
hakuna mteja aliyewahi kumuuliza.
"Hana kope, mwanangu. Hana cha kufumbia."
Kisha akatupa konzi ya dagaa juu ya samaki wetu:
"Hiyo ya swali."

Elfu ishirini nayo ni mtoto,
ukiiachia mkono sokoni, huioni tena.
Vitunguu vimepanda. Nyanya zimepanda.
Mafuta hayakupanda, ila kipimo kimepungua tumbo.
Holo kang'ata pera la mtu;
nikalinunua, na alama za meno yake.

Saa saba. Jua limekaa juu ya ziwa, halisogei.
Kwa mama lishe: benchi moja, sahani moja,
sato wa kukaanga, ugali,
soda moja ya machungwa, mirija miwili.
(Minza, uliandika usiwanunulie.
Nilijinunulia mimi.)

Nikachambua. Miba mikubwa haina hila,
huiona, huitoa, huiweka ukingoni.
Ni ile midogo, ya kama unywele,
inayojilaza ndani ya nyama na kunyamaza.
Nikaipapasa kwa ncha za vidole,
tonge kwa huyu, tonge kwa yule,
na kila nilipomaliza kwa huyu, yule keshaachama.
Mimi nilibaki na kichwa, na ugali uliopoa.

Holo akaacha kutafuna.
Akamega ugali kwa mkono wake wenye pera na mchuzi,
akaufinyanga, akaupasua katikati,
akaukagua kwenye mwanga, nyusi zimekutana,
akaupasua tena.
"Hauna mwiba, baba,"
akaniwekea mdomoni.

Ulikuwa na mchanga kidogo. Niliumeza wote.

Kupanda, ngazi huzaana.
Holo kalala begani, mate yake sikioni kwangu,
Luhende na mfuko wa dagaa, paka watatu nyuma yake,
anawaeleza habari za kope.

Usiku Minza kavua viatu,
kasoma boksi kwa kidole, mstari kwa mstari, na kikapu.
"Chumvi?"
Kimya.
"Mama," akasema Luhende, upesi mno,
"ile soda baba aliinywa yote peke yake."
Minza akalitazama gauni la Holo,
lile doa la rangi ya machungwa, pana kama kiganja.
Hakusema neno.

Nikachukua kibakuli,
nikaenda kugonga kwa jirani.